Fundi wa Rangi ya Kucha

Nilimwita mwizi mchana, watu wamejaa, na hakuwa mwizi. Neno hilo naliweka mbele ili atakayesoma asije akadhani namsifu mtu kwa kuwa tu amekufa. Tumeshamzika. Nilikaa naye mtaa mmoja miaka kumi na ushei hapa Tandika, kibanda chake kikitazamana na mlango wangu, na yale niliyoyaona ndiyo haya.

Kwao wapi na baba yake nani, sikuuliza. Tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwepo wengine, wa cherehani, wa friji, wa kuchomelea mageti, lakini hao walikuwa na majina. Yeye wa kompyuta alikuwa Fundi. Mwembamba, shati limechomekwa hata jua likiwa kali, mfukoni kalamu mbili na kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu, ile ya mabibi harusi. Vijana wa kijiweni walikuwa hawaachi kumchokoza.

"Fundi, leo kucha za miguu au za mikono?"

"Za mama yako, kanituma."

Halafu anapita zake, hacheki.

Kile kichupa kilikuwa na kazi. Mafundi wa vitu hivi wanasemwa vibaya mjini. Unapeleka kompyuta yako, fundi anatoa kifaa kizima anakuwekea kibovu, wewe utajuaje? Ndani kote ni waya na vibati. Basi yeye akifungua sanduku lako, anakuita uje uone. Kila kifaa anachokishika anakipaka tone moja jekundu. Kile kijiti wanachokiita RAM, tone. Ile pawa saplai, sanduku dogo la chuma linalogawa umeme ndani, tone. Anakwambia, "Hesabu. Siku ukifungua popote, hata kwa adui yangu, tone likikosekana njoo unishike shati." Watu wanahesabu, wanacheka, wanakwenda zao. Mie pia nilihesabu. Yalikuwa matano.

Na kabla hajashika bisibisi, maswali. Alikuwa anauliza kama polisi. Imezimika yenyewe au mliizima? Umeme ulikatika ukarudi? Mvua ilinyesha? Mliihamisha? Nani kafagia chumba? Hilo la kufagia liliwaudhi watu sana, wanaona wameambiwa wachafu. Lakini nimeona kwa macho yangu mwanamke kaleta sanduku zima kichwani toka Buza, kumbe ufagio umevuta waya nyuma ya meza ukalegea, na waya wenyewe kauacha nyumbani. Sanduku liliwaka pale pale kwa waya wa Fundi.

"Anzia ukutani," ndiyo ilikuwa kauli yake. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama ina umeme. Kisha ekstensheni. Kisha waya. Kisha kiswichi kidogo cha mgongoni mwa sanduku. Ukishapita hapo ndipo uje kwake. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzito, kaletwa na bodaboda, kapakata sanduku lake kama mtoto mgonjwa.

"Umeanzia wapi, mwalimu?" Fundi akamuuliza.

"Nimeanzia kwako."

"Basi umeanza mwisho. Rudi ukaanzie ukutani."

"Unanifukuza mie? Nusu ya mtaa huu nimeifundisha!"

"Ungewafundisha kutazama swichi, mwalimu, mie ningekuwa nalima mchicha."

Akageuza sanduku, akabonyeza kile kiswichi cha mgongoni kwa kidole kimoja, akamrudishia. Mjukuu alikuwa amekizima. Mwalimu hakumsalimia Fundi mpaka siku ya mwisho. Na Fundi angeweza kulisema lile kwa upole, hakushindwa. Hakutaka. Alikuwa na kiburi yule mtu. Nakijua kiburi nikikiona, maana mie ninacho.

Mashine aliziita "huyu". Anainama nyuma ya sanduku, pale panapotokea hewa, ananusa kama mie ninavyonusa vibua kabla sijatoa hela. "Huyu kaungua." Au, "Huyu mzima, kalala tu." Kama kaungua, anaitoa pawa saplai, anakunja kibanio cha karatasi, anaunganisha waya wa kijani na mweusi. Feni ikizunguka, ina uhai. Isipozunguka anaifunika kwa gazeti, hasemi kitu, na wewe mwenye mashine unajua msiba umekufika. RAM aliisugua meno yake kwa ufutio wa shule. Mara nyingine kitufe cha mbele tu ndicho kilichokufa, naye anagusa vijipini viwili vya kitufe hicho kule ndani kwa ncha ya bisibisi, sanduku linaamka linavuma, na mwenyewe anaruka nyuma anataja jina la Mungu.

Mambo ya kulogwa hakuyataka. Mama mmoja wa Mtoni alikuja analia, kompyuta ya duka lake imezima ghafla, na mganga kamwambia wifi yake kaifunga. Fundi akaifungua. Ndani ya pawa saplai mjusi, kakauka, mguu mmoja huku mwingine kule, katikati ya nyaya. Akamtoa kwa koleo.

"Wifi yako huyu hapa."

Watu tukafa kwa kicheko. Yule mama hakucheka. Akamtazama mjusi, akamtazama Fundi. "Na mjusi kaingizwa na nani?"

Fundi akamtupa mjusi mtaroni, akashika bisibisi.

Usidhani alikuwa malaika. Kwenye ahadi alikuwa muongo wa kutupwa. "Kesho asubuhi" yake ilikuwa siku tatu, na ukimfuata anakwambia, "Kwani nilisema kesho ya lini?" Kahawa alikunywa ya watu, yake hatujaiona. Kidole chake cha shahada kilikuwa na ncha nyeusi, imekufa, kwa kuwa ujanani aliparamia pawa saplai ambayo imeshachomolewa. Lile sanduku dogo, hata ukilichomoa, ndani linabakiza umeme. Mtoto akikaribia meza yake alimfukuza kwa matusi ambayo mzazi yeyote angegombana naye. Ukienda kugombana anakuonyesha kidole kile.

Sasa nije kwenye langu.

Rehema ni mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu hajaota meno. Alipomaliza masomo tukanunua kompyuta iliyokwishatumika, tukaiweka sebuleni kwangu, akawa anachapa kazi za watu. Barua, maombi ya kazi, mitihani ya shule za hapa karibu. Mashine ile ndiyo iliyotulisha.

Na sebule yangu haina kitu kilicho uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, vyote nimevifuma kwa mkono wangu. Kufuma ndiyo shule niliyoimaliza, ile nyingine niliiacha darasa la tatu. Basi kompyuta nikaifumia kizito kuliko vyote, uzi mweupe wa sufu, kinafunika juu kinashuka mpaka mgongoni. Wageni wakiingia wanauliza, "Bi mkubwa, hiki unauza?"

Siku moja Rehema anabonyeza, kimya. Tukaanzia ukutani kama tulivyofundishwa. Soketi nzima, waya mzima. Nikamwita Fundi, akaja nyumbani, akanusa.

"Huyu kaungua."

Akafungua, akatia pawa saplai nyingine, akapaka matone yake, nikahesabu. Mashine ikawaka. Akachukua kitambaa changu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota nepi.

"Bi mkubwa, hiki kitoe. Huyu anapumulia mgongoni. Umemziba."

"Niwaachie wageni waya watazame?"

"Waachie. Au fumia jagi."

Ningeambiwa vile na mtu mwingine labda ningesikia. Kwake nikaona nimetukanwa ndani ya nyumba yangu, mbele ya mjukuu wangu, kwa kazi ya mikono yangu. Alipotoka nikakirudisha.

"Bibi, Fundi kasema," Rehema akaanza.

"Fundi si mume wangu."

Miezi miwili haikutimia. Safari hii ilizima na harufu, Rehema yuko katikati ya kuchapa mtihani wa darasa la saba ambao kesho yake ulikuwa unatakiwa. Ukutani kuzima. Waya mzima. Swichi iko sawa. Nikajiambia, kama huku nje kote ni kuzima na juzi juzi tu imetengenezwa, basi ubaya uko ndani, na ndani kaingia mmoja tu. Kachukua kizima, katutilia kibovu chake. Sikutaka kuwaza zaidi ya hapo. Nikajifunga kanga kiunoni nikavuka njia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Zuhura anauza chapati pale pembeni, benchi lake limejaa. Kinyozi ana watu wawili wanasubiri. Vijana wako kijiweni. Fundi kaniona, akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Sikuitikia. Nikasema, "Mwizi wewe! Mwizi wa mchana! Umekula vifaa vya yatima!" Nikasema na mengine ambayo sitayaandika. Mtaa wote ukasimama. Na mtaa huu neno langu linashika, maana mabinti wao nimewachezesha unyago mie, na wanawake wao nimewaosha mie kwenye arobaini zao za uzazi.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Ileteni hapa. Tuifungue mbele ya hawa wote, tuhesabu matone."

Angalia alivyonifungulia mlango. Ningeileta, tungeona, ningepata aibu ya siku moja.

"Mashine yangu haifunguliwi na mwizi mara ya pili," nikamwambia, nikarudi kwangu.

Siku tatu baadaye Rehema akaipeleka Kariakoo, na mie nikafuatana naye, nataka ushahidi. Fundi wa kule kijana, kafungua, kainama anatazama. Kwenye feni ya pawa saplai kumejisokota uzi mweupe wa sufu, manyoya kwa manyoya na vumbi, feni imekabwa haizunguki. Joto limeiua, na yenyewe imekufa pamoja na ile bodi kubwa inayobeba kila kitu. Akaanza kutoa vifaa kimoja kimoja anaviweka mezani. Tone. Tone. Tone. Rehema alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo. Yalitimia matano.

"Aliyefungua huyu kabla yangu ni mtu safi," yule kijana akasema. "Huu uzi umetoka wapi?"

Rehema akanitazama. Nikatazama barabarani.

Njiani akaniambia, "Bibi, tupitie kwake. Ukamwambie."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Nimesema nitakwenda. Na wewe mdomo wako uufunge, haya ni ya nyumbani."

Sikwenda. Kesho nitakwenda, Ijumaa nitakwenda, baada ya mfungo nitakwenda. Nikamwacha Rehema atafute kazi ya kuchapa kwenye duka la mtu. Kitambaa nikakitia kwenye sanduku langu la nguo. Na Fundi kila siku nikimwona, mlango kwa mlango. Asubuhi anafungua kibanda, anafuta meza, anapanga bisibisi kwa urefu. Wateja waliokuwa wanapanga foleni wakawa watatu, wakawa mmoja. Nikabaki naona mtu kakaa mbele ya meza safi. Akawa anatengeneza tochi. Kisha tochi nazo zikakoma. Siku moja kibanda hakikufunguliwa, na mwezi uliofuata pakawa na wakala wa pesa za simu.

Ulipita mwaka, na zaidi, ndipo tukasikia kwamba anaumwa kifua, kalala kwa mdogo wake Chanika, hainuki. Rehema hakuniuliza. Akaniwekea baibui kitandani, akasimama mlangoni.

Kwetu, ukimkosea mtu unakwenda kwake unamwambia nihalalishie, naye anasema nimekuhalalishia, hata kama moyo bado unauma. Hasa mtu akiwa kitandani. Sijawahi kumwona mgonjwa akikataa. Basi nilikwenda Chanika na chungwa na mkate, najua nitarudi mwepesi.

Alikuwa kakonda mpaka meno yamemzidi uso. Shati, hata pale kitandani, limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, bi mkubwa. Mashine inawaka?"

"Ilikufa, Fundi."

"Na nini?"

Nikamwambia. Uzi, feni, matone matano kila moja mahali pake. Akasikiliza kama anavyosikiliza wateja, jicho moja limefumba.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile."

"Wiki ile ile," akasema. "Mie nilikaa pale miezi saba baada ya wiki ile. Nafungua, nafuta meza, nakaa. Wewe unapita na kikapu chako."

"Nilikuwa napita."

"Unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

Rehema alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikasema, "Nihalalishie, Fundi."

"Uliniita mwizi wapi, bi mkubwa?"

"Kibandani kwako."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Hapa tuko wangapi?"

Tulikuwa watatu.

"Kayaseme kule," akasema. "Pale pale. Ukishasema, nipigie simu, nitakuhalalishia."

"Na umri wangu huu, Fundi, nikasimame njiani?"

"Umri ulikuwa nao siku ile pia. Tena huo ndio ulionimaliza. Angesema mtoto, wangempiga kofi." Akakohoa, mdogo wake akaingia na maji, tukatolewa nje.

Siku tatu nilikaa ndani. Mara nijiambie mgonjwa hajui asemalo, mara nijiambie atasahau. Jumamosi asubuhi nikaoga, nikavaa baibui langu la Iddi, nikavuka njia. Mama Zuhura yupo na chapati zake, benchi limejaa. Kinyozi yupo. Vijana wapo, wengine wapya. Nikasimama mbele ya wakala wa simu, nikasema kwa sauti ile ile niliyomtukania.

"Nisikilizeni. Yule Fundi niliyemwita mwizi hapa hakuwa mwizi. Mashine niliiua mie, kwa kitambaa changu. Nilijua, nikanyamaza. Nimemsingizia."

Bajaji ikapita. Kijana mmoja akauliza, "Fundi gani, bibi?"

Mama Zuhura akaacha kusukuma chapati. Akaja akanishika mkono, akaniketisha kwenye benchi, watu wakasogea.

"Bi mkubwa, tulijua," akasema kwa sauti ya chini.

"Mlijua nini?"

"Uzi. Matone. Yote. Rehema alinieleza mwezi ule ule, amekaa hapo hapo ulipokaa wewe, analia. Kinyozi alikuwa anakunywa chai, akasikia. Nani asiyejua mtaa huu?"

Nikamtazama kinyozi. Akawa anafuta mashine yake ya kunyolea.

"Mlijua, mkaacha kumpelekea kazi?"

"Tungempelekea vipi? Kibanda kinatazamana na mlango wako. Nani apite na kompyuta mbele yako, ionekane anakupinga? Wewe umetuchezesha unyago, umetuosha, ukasema mwizi. Tulikuwa tunakusubiri wewe useme." Akanipangusa unga alionipaka mkononi. "Tungekuvunjiaje heshima, bi mkubwa?"

Nilirudi ndani. Rehema akapiga namba ya mdogo wake Fundi, akaweka spika, akaiweka simu kwenye mkeka katikati yetu.

"Nimesema, Fundi."

"Pale pale?"

"Pale pale. Sasa hivi."

"Nani walikuwepo?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Kila jina ananiitikia, "Ehe." Mama Zuhura, ehe. Kinyozi, ehe.

"Wakasemaje?"

Nilimtazama Rehema. Alikuwa ananitazama.

"Walipigwa na butwaa, Fundi. Walikuwa hawajui. Wamesema wangejua wasingekuacha."

Tukamsikia anavuta pumzi, inakwaruza. Kisha akacheka kidogo, na kicheko kile sijakisikia kwake miaka yote.

"Kumbe hawakujua," akasema. "Mie nikadhani labda wanajua. Basi. Nimekuhalalishia, bi mkubwa. Nimekuhalalishia duniani na akhera."

Simu ikakatika. Jumatano yake wakatuita mazikoni.

Lakini siku ile, simu ilipokatika, Rehema hakungoja. Aliinuka, akaanua nguo zote kwenye kamba, kavu, safi, akazitia kwenye beseni la maji, akaanza kuzifua upya.